Mama kazungukwa na watu siku nzima, mbona bado mpweke?

Mwezi huu barua za wazee zimekuwa nyingi kuliko za ndoa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nianze safu hii. Nadhani ni kwa sababu tarehe 1 Oktoba inakaribia na watu wameanza kukumbuka kwamba kuna wazee. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mstaafu wa ustawi wa jamii, miaka yangu mingi nimeimalizia kwenye makazi ya wazee, na saivi magoti yenyewe yananiambia nimeshaanza kuwa mmoja wao. Nimechagua barua nne, nimezipunguza kidogo, mniwie radhi mliotaka zitoke zote.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, naishi Tabata. Mama yangu ana miaka 76, mwaka juzi alipata kiharusi upande wa kulia wote ukapooza, tukakaa nae nyumbani mwaka na miezi, wadada wa kazi wamepita saba, mmoja nikaja kugundua alikua anamfungia ndani anaenda kwa jirani kuangalia tamthilia, na mi natoka saa 11 alfajiri narudi saa 2 usiku. Mwisho tukampeleka nyumba ya wazee ya masista, tunalipa kila mwezi. Ni pasafi, anakula, vidonda vya kulalia vimepona kabisa. Ila nikipiga vidio koli analia, yaani akiniona tu ni machozi, jumapili nikienda analia nikiondoka analia tena. Ananiambia huku watu wapo wengi ila mi sina mtu. Ndugu zetu wa Same wanasema nimemtupa mama kambini. Nimrudishe? Usinihukumu mama, nimechoka. — Mtoto wa kwanza, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na hao ndugu wa Same maana naona ndio wanaokunyima usingizi kuliko hata mama mwenyewe. Waulize swali moja tu kwenye grupu la familia, nani kati yenu ameshawahi kuamka usiku kumgeuza mama, kila baada ya masaa mawili, maana aliyepooza asipogeuzwa hivyo ngozi inakufa. Uliza halafu uone grupu litakavyokuwa kimya.

Ila na wao usiwachukie sana. Hili neno "kambi ya wazee" lina historia yake huku kwetu. Sehemu kama Nunge kule Kigamboni zilianza kama pa kuwatenga wenye ukoma, na makazi ya serikali mpaka leo yanapokea wazee wasiojiweza ambao hawana mtu kabisa wa kuwatunza, wengine ni bibi zetu wa Usukumani waliofukuzwa na ndugu zao kwa kuitwa wachawi eti kwa sababu wana macho mekundu, wakati macho yenyewe yameiva kwa moshi wa kupikia samadi ya ng'ombe miaka 50. Kwa hiyo mtu akisikia umempeleka mzazi "kambini" picha inayomjia ni ya mtu asiye na mtu. Na mama yako kakulia na picha hiyohiyo. Hilo neno lake la "sina mtu" linatokea huko.

Sasa kuhusu kulia. Hapa naomba unisikilize vizuri maana watu wengi hawalijui. Kiharusi kinaweza kugusa sehemu ya ubongo inayozuia kicheko na kilio, mtu akawa analia kwa kitu kidogo tu, akimwona mtoto wake, akisikia wimbo wa kanisani, hata kama moyoni hana huzuni ya kiasi hicho, na wengine wanacheka msibani mpaka watu wanawashangaa. Kinamjia kinapita. Ukitaka kujua, mbadilishie mazungumzo ghafla, muulize kitu cha jikoni, kama machozi yanakatika palepale kama bomba lililofungwa basi ujue sehemu kubwa ni ugonjwa. Upande mwingine, karibu mmoja kati ya watatu wa waliopata kiharusi huingia kwenye sonona, na hiyo haikatiki kwa kubadilisha mada. Ukisikia wiki mbili mfululizo halali, chakula anakisogeza, anasema afadhali ningekufa, waambie masista aonwe na daktari, dawa zipo na zinasaidia. Usikubali mtu akujibu "ni uzee tu huo". Kazini nilisikia hilo jibu mpaka nikalichukia.

Lakini tuseme ni upweke wa kweli. Wahenga wetu walikuwa na maneno mawili na sisi tumeyachanganya. Upweke ni kuwa peke yako, ukiwa ni kule kuachwa, nyumba imehama watu. Mama yako hayuko peke yake, ana wenzake pengine ishirini mezani, kinachomsumbua ni ukiwa, kwamba pale hakuna hata mmoja anayemjua. Wanamjua kama "bibi wa kitanda cha dirishani aliyepooza". Hawajui kwamba alikuwa mweka hazina wa kwaya, sijui, au muuza tangawizi, au yule ambaye ukoo mzima ulikuwa haupangi mahari bila yeye kukaa kitini. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumtambulisha. Chukua karatasi ngumu, andika kwa maandishi makubwa: anaitwa nani (sio "bibi", jina lake, na Mama nani), katoka kijiji gani, alifanya kazi gani, anapenda chai ya namna gani, nini kinamchekesha, nini kinamuudhi. Ibandike ukutani karibu na kitanda. Pale nilipokuwa mimi tulijaribu hili na nesi mmoja wa usiku akagundua kwamba yule bibi aliyekuwa anamwona mkorofi alishawahi kumzalisha shangazi yake. Kuanzia siku hiyo wale wawili hawakuachana.

Na umtafutie mtu wa Chasu, yaani Kipare chenu. Nyumba nzima ya masista haikosi Mpare mmoja, awe mpishi awe mlinzi. Mzee anaota kwa lugha ya kwao, akikaa miezi hajaisikia, hata Kiswahili kinaanza kumchosha mdomoni. Muombe huyo mtu apite tu asubuhi amsalimie kwa lugha yake, dakika moja.

Halafu masikio. Usicheke. Nimewahi kuwa na bibi aliyeacha kuja kula na wenzake, tukakaa kikao cha stafu kumjadili, mara kasusa, mara kachanganyikiwa, mwisho daktari akamuangalia masikio akakuta nta imeziba yote mawili kama udongo wa kichuguu. Akatiwa matone siku kadhaa akaoshwa. Alikuwa anakimbia meza kwa sababu watu wakiongea anaona midomo tu inacheza. Kwa hiyo mama akaguliwe masikio, na macho pia kama ana mtoto wa jicho, na miwani yake uhakikishe ni yake kweli, maana kwenye nyumba za wazee miwani na meno ya bandia vinahama wenyewe.

Jumapili yako pia ibadilishe. Badala ya kwenda mara moja ukakaa masaa manne wote mnatazamana, nenda mara mbili kwa wiki dakika 40, na siku iwe ileile, saa ileile, ukamnunulia kalenda ya ukutani ukaizungushia kalamu nyekundu. Mzee akijua Jumatano jioni anakuja mtu, Jumanne yake nayo inakuwa na maana. Ukishindwa kwenda tuma mdogo wako, lakini siku isipite tupu. Na ukifika mpe kazi. Mkono wa kushoto si mzima? Nenda na maharage kilo mbili uyamwage kwenye ungo achambue na wewe, na umuulize mambo ambayo kweli huyajui, ile dawa ya mafua ya mtoto anachanganya nini na nini, yule mjomba alikosana na baba kwa shamba lipi. Vidio koli ya "mama umekula? mama umekunywa dawa?" inamfanya awe mgonjwa kila siku.

Kuhusu kumrudisha, umemuuliza yeye? Barua yako yote haina hata mstari mmoja unaosema mama alisemaje mlipokuwa mnapanga kumpeleka. Mimi nadhani abaki, vidonda vimepona na usalama ndio huo, ila akae akijua anaweza kuja nyumbani wikiendi na krismasi na msibani, na chumba chake usikipangishe. Hilo la chumba mwambie kwa mdomo wako.

SWALI: Hujambo mama, nakusoma kutoka huku Minnesota. Mimi ni mtu wa Kitale, niko huku miaka sita nafanya CNA, yaani msaidizi wa manesi, kwa nursing home, shifti ya jioni. Kuna mzee hapa namwita guka, yaani babu, ana miaka 88, alikuwa mkulima, mke alifariki, watoto wako majimbo ya mbali. Hatoki kwa room. Bingo hataki, muziki hataki, wameandika kwa faili kwamba anakataa shughuli. Mimi niko na watu 11 usiku mmoja, kuosha, kulisha, kubadilisha, hakuna time ya kupiga stori. Juzi ameniambia "wewe ndio mtu pekee aliyenigusa leo," nikaenda kwa stoo ya mashuka nikalia. Na ukweli mama ni kwamba shosho wangu mwenyewe, bibi yangu, sijamwona tangu nitoke na mamangu nampigia tu wakati nimetuma pesa. Nifanye nini, ama niache hii kazi? — Kijana wa Kitale

JIBU: Sijambo mwanangu, na usiache. Watu wanaolia stoo ya mashuka ndio tunaowataka kwenye hii kazi.

Guka wako hajakataa shughuli, amekataa bingo. Ni mtu aliyeamka alfajiri maisha yake yote akaamua mwenyewe leo napanda au sipandi, leo namuita daktari wa ng'ombe au simuiti, na sasa anaamshwa saa ya watu, anaogeshwa saa ya watu, halafu jioni anaitwa kusikiliza namba zinazosomwa kwa kipaza sauti. Mi nisingeenda pia. Huko huko Marekani mwaka 1976 wanasaikolojia wawili, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha utafiti walioufanya kwenye nyumba moja ya wazee Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa maisha ya humu ni yenu mpange wenyewe, kila mmoja akapewa mmea wa kwenye kopo autunze kwa mkono wake na achague siku ya kwenda kuangalia sinema. Ghorofa nyingine wakapewa mmea uleule na sinema ileile, ila wakaambiwa wahudumu watamwagilia, na siku ya sinema wamepangiwa. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walikuwa wamechangamka kuliko wenzao, na baada ya mwaka na nusu waliokufa upande wao walikuwa wachache. Wasomi wameubishia ule utafiti, kundi lilikuwa dogo na mahesabu yake yana kasoro, lakini mimi nimeuona ukweli wake kwa macho, kwa mzee aliyepewa kuku wawili wa kutunza nyuma ya jiko akasahau kwamba alikuwa anasubiri kufa.

Kuku huko hawatakuruhusu. Mahindi je? We ni mtu wa Kitale bwana, una utajiri mdomoni unaulalia! Usiku wa leo ukiwa unamvalisha pajama muulize, guka, huku mlikuwa mnapanda mwezi gani, maana kwetu mvua zikianza Machi au Aprili kila mtu yuko shambani. Atakwambia kuhusu theluji na udongo ulioganda na hofu ya kupanda mapema, na we mwambie kuhusu jembe la ng'ombe na bei ya mbolea. Kuongea hakuhitaji muda wa ziada kama mikono inafanya kazi. Siku ya pili nenda na punje tatu za mahindi na kopo la mgando lenye udongo umkabidhi, mwambie mimi sijui kumwagilia kwa hali ya humu ndani, we ndio mkulima. Ukipata dakika tano za bure, kaa. Namaanisha ukae kwenye kiti, usisimame mlangoni na glavu mkononi, maana dakika mbili za mtu aliyekaa mzee anaziona ndefu kuliko kumi za mtu aliyesimama.

Halafu kuna la kiofisi. Huko kuna sheria ya mwaka 1987 ya haki za wakazi wa hizo nyumba zinazolipwa na bima za serikali, Medicare na Medicaid, inampa mzee haki ya kuchagua ratiba yake, aamke saa ngapi, apokee wageni gani, ashiriki kipi. Na kanuni zinataka msaidizi anayemhudumia awe ndani ya timu inayopanga matunzo yake. Huyo msaidizi ni wewe, kijana. Mara nyingi hawawaiti kwa sababu mko bize na hamuulizi. Uliza kikao chake ni lini, hata kama hutaweza kwenda peleka karatasi: huyu alikuwa mkulima, apelekwe dirisha la upande wa mashamba, aachiwe aamke alfajiri kama alivyozoea, ile "anakataa shughuli" ifutwe. Ukiona wanapuuza, kila jimbo lina mtetezi wa wazee wa nyumba hizo, namba yake lazima iwe imebandikwa ukutani, nadhani unapita mbele yake kila siku.

Kitu kingine hujakitaja ila nakijua, siku guka atakapokufa utaingia shifti ukute kitanda kimetandikwa na kuna mtu mwingine, na hakuna atakayekupa pole. Huku kwetu tungeweka turubai. Jitengenezee namna yako, hata kama ni kwenda kukaa dakika moja kwenye hicho chumba kabla mgeni hajaletwa, au kuwaandikia watoto wake mistari miwili kama nyumba inaruhusu.

Na mama yako mpigie kesho kabla ya kutuma pesa. Mpigie mfukoni huna kitu, umwambie hivyohivyo, halafu muulize mahindi yamefika wapi.

SWALI: Mama yetu kipenzi, sisi ni kikoba cha kinamama 40 hapa Morogoro. Tarehe 1 Oktoba tunataka kwenda kutoa msaada kwa wazee, tumeshashona sare na kukodi kosta mbili, tuna sabuni, mchele, sukari, mafuta. Kuna kitu tumesahau? — Katibu

JIBU: Mmesahau kupiga simu, katibu.

Nisiwavunje moyo, mchele unaliwa na sabuni inatumika. Lakini hii siku iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990 imegeuka kama krismasi ya sabuni. Asubuhi linashuka kundi la kwanza, mchana la pili, alasiri benki, wazee wanapangwa kwenye mabenchi wanakaa juani wanasikiliza hotuba ya mgeni rasmi, mzee anapewa mche wa sabuni anaushika mpaka picha ipatikane, inarudiwa maana mtu kafumba macho, kosta zinaondoka. Jioni yake nilikuwa napita mabwenini, na nawaambia kwa dhati, hiyo ndiyo ilikuwa jioni ya kimya kuliko zote za mwaka. Walikuwa wameona watu mia mbili na hakuna aliyewauliza jina. Mwezi wa tatu ukifika sasa, sabuni zimeisha, hakuna anayepita hata kuomba maji.

Kwa hiyo mi ningewashauri kosta moja muirudishe. Pigeni simu kwa matroni au afisa ustawi wa makazi muulize kimepungua nini, naweza kubeti atataja pampasi za watu wazima, glavu, betri za redio, miwani ya kusomea, dawa ya kuchua na nyembe. Kuna mabibi watawaomba ugoro kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa naleta kidogo kwenye pindo la kanga, mwajiri wangu wa zamani kama anasoma hapa anisamehe, nimeshastaafu. Sare acheni nyumbani. Jigaweni watano watano, kila kundi na Jumamosi yake, mwezi kwa mwezi, na kila mama awe na mzee wake mmoja wa kurudi kwake. Ambaye anajua kusuka asuke, anayejua kukata kucha akate, maana kucha za miguu za mzee ni kazi na ukizishika zile dakika 20 mtaongea yote. Anayejua kucheza drafti akafungwe. Picha muombe ruhusa kwanza na mkiambiwa hapana muwe na adabu.

Uholanzi kwenye mji wa Deventer kuna nyumba ya wazee inaitwa Humanitas, wanafunzi wa chuo wanakaa humo bila kulipa kodi, sharti lao ni masaa 30 kwa mwezi ya kuwa majirani wema tu kwa wazee, kula nao, kuangalia mpira nao, kuwafundisha simu. Morogoro vyuo mnavyo na wanafunzi wanahangaika na kodi za vyumba. Nalitupa tu hilo kwenye kikao chenu.

SWALI: Assalaam alaykum. Anayeandika ni kijana wa mazoezi, mwanafunzi anayejifunza kazi hapa, maneno ni yangu mimi mzee. Nimezaliwa Kasulu. Nilikuja Tanga kijana wa miaka 18 kwa Silabu, ile ofisi ya kuchukua vibarua wa mkonge, nikapewa namba, nikakata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Nilisilimu hukuhuku. Mke alifariki, hatukujaaliwa mtoto. Sasa nipo kwenye nyumba ya wazee mwaka wa tisa, nala, sina malalamiko. Nilikuwa na mwenzangu Mrundi tunacheza bao na kuongea kikwetu tunasikilizana, amekufa mwezi wa Shabani. Tangu hapo siongei sana. Ninalouliza ni hili, nikifa ataniosha nani na watanizika wapi? Kwetu nina mdogo wangu, sijui kama yupo. — Mzee wa Kasulu

JIBU: Wa alaykum salaam, shikamoo baba. Mwakeye. Kiha changu kinaishia hapo, nilifundishwa na mzee mwingine wa namba kama wewe, na yeye alinifungulia mazungumzo kwa swali hilihili lako. Vijana wa ofisini huwa wanalikwepa, wanasema mzee usiwaze kufa. Mimi nakujibu.

Mwombe afisa ustawi alete karatasi na aandike mbele yako: mimi ni Muislamu, nataka kuoshwa na kuvikwa sanda na kusaliwa, nataka kuzikwa mahali fulani. Aisome kwa sauti, uweke dole gumba, nakala iwe kwenye faili lako na nyingine kwa imamu wa msikiti wa karibu. Huyo imamu aje akuone sasa hivi ukiwa hai, akujue sura na jina, na kama kuna Ijumaa unaweza kupelekwa msikitini upelekwe. Ndugu wasipopatikana nyumba yenyewe ndiyo inayozika, nimesimama kwenye mazishi mengi ya namna hiyo, na tofauti niliyoiona ni moja, yule ambaye msikiti au kanisa lilikuwa linamjua anasindikizwa na safu za watu, yule ambaye hakujulikana tunakuwa mimi, dereva na wachimbaji.

Mwenzako wa bao, pole sana baba. Hilo ndilo kubwa kwenye barua yako hata kama umelipitisha haraka. Ulifiwa na ndugu na hakuna aliyekuja kukupa mkono, naona. Basi nakupa mimi. Na wasomaji wangu wa Tanga mjini, najua Waha mpo, mpo masokoni na kwenye vijiwe vya bodaboda, anayetaka kwenda kukaa na huyu mzee saa moja kwa wiki aandike kwa mhariri, tutamuunganisha kupitia nyumba yenyewe. Ukiwa hujui bao atakufundisha, ukiwa unajua ujiandae kufungwa.

Kuhusu mdogo wako, tusikate tamaa kabla hatujauliza. Kasulu kila kijiji kina mtendaji, na afisa ustawi wa hapo kwenu anaweza kumwandikia mwenzake wa wilaya kule, barua ya ukurasa mmoja tu, na redio za Kigoma zina vipindi vya salamu ambavyo vijijini vinasikilizwa kuliko taarifa ya habari. Ila nahitaji vitu ambavyo ni wewe tu unavyo. Jina la kijiji kama lilivyokuwa kabla ya operesheni ya vijiji, maana wengi walihamishwa miaka ya 70. Jina la mlima au mto wa karibu. Ukoo wenu. Jina la mdogo wako la utotoni, na kovu kama analo. Kijana wa mazoezi, kaa na mzee, andika yote kwa herufi kubwa, jina la baba yao liwe la kwanza, na unitumie kabla ya Ijumaa.